Mchoro Ulioanzia Sitini

Kabla hajajulikana Birongo kwa lile jambo la chai, Eucabeth Nyangate alijulikana kwa mkono wake. Alikuwa na mkono uliotulia. Mwaka 1964, serikali ilipokuwa ikipima mashamba ya Kisii na kumwekea kila mtu mipaka yake, ofisi ya ramani ilitafuta watu wenye mwandiko mzuri, na yeye alikuwa ametoka tu shule ya misheni akiwa na cheti cha darasa la nane. Walimpa kalamu ya chuma, kichupa cha wino mweusi na kipande cha ramani, wakamwambia apitishe wino juu ya mstari wa penseli. Alipitisha kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Mpima ardhi aliinama, akautazama ule mstari kwa muda, akasema, "Kesho uje saa mbili."

Alifanya kazi hiyo miaka minne. Alijifunza kwamba mstari ukisogea upana wa unywele kwenye karatasi, huko shambani ndugu wawili wanashikana mashati. Kwa hiyo alichora polepole, na alipokosea hakufuta kwa wembe kama wenzake. Alianza karatasi upya.

Upimaji ulipokwisha aliolewa na Joash Makori, mkulima wa Birongo, akahamia kwenye mteremko wa kina Makori, penye migomba juu na mtama chini. Alimzaa Bonareri. Kalamu zake alizifunga katika kitambaa akaziweka juu ya kabati. Mama mkwe wake, Bosibori, alikuwa Msabato wa wale wa zamani, waliobatizwa mtoni kabla ya vita. Ijumaa jua likishuka, kwake hata panga halikunolewa. Alimpenda mkaza mwana wake, ingawa hakuwahi kusema hivyo. Alimwonyesha kwa kumwachia ndizi zilizoiva vizuri.

Mwaka 1970 akarudi Daktari Walter Ombui. Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka saba, akasomea jinsi watu wanavyoamua mambo. Baba yake alikuwa fundi wa viatu mjini, kila mtu alimjua, na Kisii nzima ilijivunia huyu mtoto. Alifungua ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, akaandika mlangoni: Mradi wa Uamuzi wa Wakulima. Alitaka kujua kwa nini mkulima mmoja anapokea zao jipya na jirani yake analikataa. Alihitaji watu wa kuuliza maswali vijijini, na mtu mmoja wa kuchora. Alipoonyeshwa ramani za zamani zenye mstari wa Eucabeth, alimtuma mtu Birongo siku ileile.

"Nenda," Joash alisema. "Shamba nitaliona mimi. Hizo kalamu zinaota kutu."

Basi kila Jumapili alitembea hadi Kiogoro, akalala kwa shangazi yake huko, na kutoka Kiogoro alikwenda mjini kila asubuhi kwa miguu. Ijumaa alirudi Birongo kabla ya jua kushuka.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Walichagua nyumba mia moja upande wa Birongo na nyumba mia moja upande wa Itumbe. Muulizaji alifika na kikapu chenye maharagwe kumi, matano meupe na matano mekundu, kikiwa kimefunikwa kitambaa. Alimwambia mwenye nyumba: unaweza kuchukua sasa hivi kilo moja ya sukari, au uingize mkono kikapuni bila kuangalia. Ukitoa haragwe jeupe unapewa kilo tatu. Ukitoa jekundu hupati kitu. Jibu liliandikwa kwenye fomu kwa neno moja. Aliyechukua kilo yake aliandikiwa UHAKIKA. Aliyeingiza mkono aliandikiwa BAHATI. Daktari alisema kwamba jinsi mtu anavyochagua sukari ndivyo anavyochagua mbegu.

Itumbe hakukuwa na shida. Watu walicheka, walibishana, wengine walimwita mke aje aingize mkono wake kwa kuwa ndiye mwenye nyota. Lakini upande wa Birongo nyumba nyingi zilizochaguliwa zilikuwa za Wasabato, na Eucabeth, aliyepewa naye kikapu na fomu hadi zipatikane namba za kuchora, alianza kukutana na jambo ambalo fomu haikulitaja. Alilikuta kwanza nyumbani kwake mwenyewe. Bosibori alikitazama kikapu kana kwamba kuna nyoka ndani.

"Hiyo ni kamari," alisema.

"Si kamari, Mama. Ni maswali ya Daktari."

"Mtu anaingiza mkono, anatoa, anapata au anakosa. Wewe ulibatizwa, mokamwana, mke wa mwanangu. Hiyo inaitwaje?"

"Basi chukua kilo moja ya uhakika."

"Nayo sitaki. Nikiichukua nitakuwa nimecheza. Mimi nimekataa mchezo wote. Andika hivyo."

Lakini hapakuwa na mahali pa kuandika hivyo. Jumatatu alimwuliza Daktari Ombui. Alikuwa anakunywa chai amesimama dirishani, kama kawaida yake.

"Wangapi wamekataa?"

"Kwangu mimi, hadi sasa, saba."

"Hawakuingiza mkono?"

"Hawakuingiza."

"Basi wameikataa bahati. Andika UHAKIKA."

Eucabeth aliandika. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, kwenye fomu ya mama mkwe wake na za wengine. Wakati ule hakuona kama ni jambo kubwa. Alijua tu kwamba halikuwa sawasawa, na kwa tabia aliyoitoa ofisi ya ramani, kila fomu ya aina hiyo aliitia nukta ndogo ya penseli kwenye kona. Aliwaomba na wauliza maswali wenzake wafanye vivyo hivyo. Mwisho wa kazi nukta za Birongo zilikuwa kumi na tisa. Za Itumbe zilikuwa tatu.

Februari 1972 hesabu ilikuwa tayari. Katika nyumba mia za Itumbe, sitini na moja ziliandikwa UHAKIKA. Katika mia za Birongo, sitini na nane. Daktari alimpa namba hizo mbili kwenye kijikaratasi na kumwambia achore mchoro wa nguzo, mkubwa, wa kutundikwa ukutani, kwa sababu kamati ya mradi ilikuwa inakuja kutoka Nairobi. Kamati hiyo ndiyo ingeamua ni upande upi utapewa kitalu cha miche ya chai, mbolea, na mtaalamu wa kukaa nao miaka mitatu. Kilikuwa kitalu kimoja tu. Birongo walishasikia habari zake, na Mzee Machogu, shemasi wa kanisa na jirani wa kina Makori, alikuwa amekwisha kulima na kusawazisha kipande cha ardhi karibu na kijito, tayari kwa kitalu.

Eucabeth alitandika karatasi ya miraba, akapiga mstari wa chini, akaandika sifuri. Akapandisha namba hadi mia. Akasimamisha nguzo mbili, akazijaza wino. Kazi ilimchukua siku nzima, na ilipokauka aliiona ni safi. Nguzo ya Birongo ilizidi ile ya Itumbe kidogo, kama vile mtu anavyomzidi nduguye kimo wanapokuwa wamesimama pamoja.

Daktari Ombui aliitazama akakunja uso.

"Hii haisemi kitu."

"Inasema sitini na moja na sitini na nane."

"Bi Eucabeth, hawa watu watakaa humu dakika ishirini, kisha waende kula. Wakiona nguzo mbili sawa watasema hakuna tofauti, na kama hakuna tofauti, kwa nini mradi uko Kisii? Wako wa wilaya nyingine wanaotaka mradi huu." Aliichukua rula yake, akaiweka katikati ya karatasi. "Huku chini kote ni bure. Nafasi inapotea. Anzia sitini. Ishia sabini."

"Nikianzia sitini, ya Itumbe itakuwa mraba mmoja. Ya Birongo itakuwa minane."

"Ndiyo. Na pembeni utaandika namba zote, sitini, sitini na moja, hadi mwisho, kwa mwandiko wako huohuo. Hakuna uwongo hapo. Mwenye macho atasoma."

Alichora. Alinieleza mimi, jirani yake wa Birongo, miaka mingi baadaye kwamba wakati anachora alijisikia kama mtu anayekata miti miwili kwa juu na kupeleka vilele tu sokoni. Lakini hakupata neno la kumwambia Daktari. Kila namba ilikuwa sahihi. Kwenye kona ya chini, kama alivyofundishwa ofisi ya ramani, aliandika kwa herufi ndogo: Imechorwa na E. Nyangate, Birongo.

Kamati ilikuja watu watano. Eucabeth aliitwa kutundika mchoro, kisha akaambiwa asubiri ukutani pale pale ili aushushe wakimaliza. Mwenyekiti, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alisukuma miwani yake juu.

"Loo! Hawa wa Birongo wanaogopa mara nane kuliko wenzao!"

Hakuna aliyesema mara nane isipokuwa yeye, na hakuna aliyemsahihisha. Daktari Ombui alisema, "Tofauti inaonekana," akaendelea na maneno yake. Eucabeth alingoja aseme sitini na moja na sitini na nane. Alizisema namba hizo, lakini kwa haraka na baadaye, wakati wote walikuwa wameshaona walichokiona.

Kisha mwenyekiti akainama kwenye kona ya mchoro. "Nani E. Nyangate?"

"Ni mimi."

"Na wewe ni wa Birongo? Basi tuambie wewe, bibi. Watu wa kwenu ni waoga hivi kweli?"

Macho kumi yalimgeukia, na ya Daktari. Aliwaza nukta za penseli. Aliwaza kwamba akisema, itabidi aseme pia ni nani aliyeandika UHAKIKA kwenye fomu zile. Mbele yake palikuwa na meza, nyuma yake ukuta, na mlango ulikuwa upande wa pili wa wale watu watano.

"Namba ni sahihi, bwana," alisema.

Kitalu kilikwenda Itumbe.

Kama mambo yangeishia hapo, labda angeyasahau. Lakini mradi ulichapisha kijitabu, na mchoro ukawekwa ukurasa wa kwanza. Nakala zilipelekwa kwa machifu na kwa maafisa wa kilimo. Mtu fulani aliukata ukurasa ule akaubandika ukutani kwenye kambi ya chifu, karibu na tangazo la dawa ya ng'ombe. Wengi wa Birongo hawakujua kusoma mchoro, lakini nguzo fupi na nguzo ndefu kila mtu anazijua, na waliokwenda shule waliwasomea maneno ya juu: Hofu ya Mabadiliko, Birongo na Itumbe. Na waliwasomea jina la chini.

Sabato iliyofuata Eucabeth aliketi kanisani, na wanawake wa benchi lake walimsalimu kwa midomo tu. Baada ya ibada walisimama makundi makundi, na kila kundi alilolikaribia liliacha kuzungumza. Sokoni Jumapili, mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuzia mboga alimwambia, "Chukua, mama wa ofisi. Sisi waoga tunakupa bure." Hakuchukua. Alikwenda Kiogoro bila mboga.

Ijumaa iliyofuata Mzee Machogu alikuja mwenyewe. Alikataa kiti. Kipande chake cha kijitoni kilikuwa kimeota magugu.

"Mama Bonareri," alisema, "nimekuja kuuliza neno moja. Tulikukosea nini?"

Joash alitaka kujibu, lakini Eucabeth alimgusa mkono. Alijaribu kueleza. Alisema sifuri, alisema mia, alisema mraba, na aliona uso wa mzee ukizidi kufunga. Mwishowe alitoka nje, akakata miwa miwili nyuma ya jiko, mmoja mrefu kidogo kuliko mwingine, akaisimamisha nyuma ya ua wa miti uliofika kifuani. Alimwomba mzee abaki upande huu.

"Unaona nini?"

"Mmoja umetokeza kidogo tu. Mwingine umetokeza sana."

"Sasa njoo huku."

Mzee alizunguka ua, akaitazama miwa yote miwili kutoka ardhini. Akaukamata ule mfupi, akaulinganisha na mrefu kwa kiganja.

"Waliona juu ya ua tu."

"Juu ya ua tu."

"Na ua ulipanda wewe."

"Niliambiwa niupande."

Mzee Machogu alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko wengi waliosoma. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtia Eucabeth hofu zaidi, kwa kuwa mzee alisema kwa utaratibu kabisa, "Haya. Mimi nimeelewa. Sasa waelewe wao. Utawaambia lini?" Akaketi, akaomba uji.

Tangu siku hiyo hakuwa na pa kupumulia. Mjini alikuwa mtu wa Birongo, na Birongo alikuwa mtu wa ofisi. Alipofika kanisani Mzee Machogu alimtazama mara moja, kwa upole, kama mtu anayengoja jibu la barua. Usingizi ulimpungua. Bosibori hakusema lolote kuhusu mchoro, ila siku moja, wakimenya ndizi pamoja, aliuliza bila kuinua macho, "Ile fomu yangu, uliandika nilivyosema?"

Eucabeth aliendelea kumenya. "Hapana, Mama."

"Nilijua," Bosibori alisema. Waliendelea hadi beseni likajaa.

Alikwenda kwa Daktari Ombui. Kabla ya kwenda alikuwa amechambua zile fomu za nukta na kupiga hesabu upya, akiwatoa waliokataa mchezo. Birongo walibaki themanini na mmoja, na arobaini na tisa kati yao walichagua kilo ya uhakika. Itumbe walibaki tisini na saba, na kati yao hamsini na wanane. Ukigeuza yote kuwa kwa mia, ilikuwa sitini hapa na sitini kule. Alichora nguzo hizo kuanzia sifuri, akaziweka mezani. Zilikuwa sawa kama miguu ya meza yenyewe.

Daktari alizitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama ule mchoro wa kwanza. Aliketi. Eucabeth hakuwahi kumwona ameketi wakati wa mazungumzo.

"Ni kweli," alisema. "Nadhani nilijua."

"Basi tuwaandikie."

"Tuandike nini? Ripoti imesainiwa. Miche iko Itumbe, imeshika mizizi. Nikiandika kwamba hakuna tofauti, mradi unafungwa mwezi ujao, na watu kumi na wanne wa ofisi hii wanarudi nyumbani, na Kisii haitapewa mwingine. Watasema tulimpeleka mtoto wetu asome miaka saba arudi kutuambia kwamba watu wote ni sawa." Alijaribu kucheka. "Na wakiuliza nani aliandika UHAKIKA kwenye fomu hizi, mwandiko ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Mimi nilikuagiza. Lakini agizo halina mwandiko." Alimrudishia karatasi. "Sikutishi, Bi Eucabeth. Nakuonyesha chumba tulichomo."

Alitaka kuacha kazi wiki ileile. Joash ndiye aliyemzuia. "Ukitoka, watamchukua mwingine achore, na huyo hatajua hata kutia nukta," alisema. "Na hapa watu watasema umekimbia kwa kuwa ni kweli." Alibaki. Alichora michoro mingine kumi na kitu mwaka ule, na kila mara alipopiga mstari wa chini mkono wake, ule uliotulia, ulisimama kidogo kabla ya kuandika namba ya kwanza.

Agosti 1973 kamati ilirudi kutazama chai ya Itumbe. Walipita ofisini kwanza. Asubuhi hiyo Eucabeth alifika kabla ya wote, akatundika ule mchoro wa zamani, na pembeni yake akatundika ule wa nguzo mbili sawa. Msumari ulimponyoka mara mbili. Watu walipoingia, hakungoja kuulizwa.

"Bwana mwenyekiti, mwaka jana uliniuliza kama watu wa Birongo ni waoga. Sikukujibu. Nilisema namba ni sahihi. Mchoro ule unaanzia sitini, ndiyo maana nguzo moja inaonekana mara nane. Na watu kumi na tisa wa Birongo hawakuchagua chochote. Walikataa kucheza kwa ajili ya imani yao. Tuliwaandika kama waoga. Mimi niliwaandika. Ukiwatoa, ni huu hapa."

Mwenyekiti aliitazama michoro yote miwili, huku na huku. Alionekana mtu aliyechoka na safari.

"Sasa upi ndio sahihi?"

Daktari Ombui aliinuka. Uso wake ulikuwa wa majivu, lakini sauti ilikuwa ya kawaida. "Huo wa pili ni wa majaribio. Bado tunaufanyia kazi. Umetundikwa kabla ya wakati, ni kosa la ofisi."

"Ah," mwenyekiti alisema. "Basi ushusheni, tusichanganyikiwe." Akatoa daftari, akaandika maneno machache, akamtazama Eucabeth kwa wema. "Lakini asante, bibi. Ni vizuri kuwa na wafanyakazi makini."

Aliushusha kwa mikono yake. Hakukuwa na mtu mwingine karibu na ukuta.

Alirudi Birongo akijua atafukuzwa, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima alilala usingizi. Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Haikumfukuza. Ilimpandisha cheo kuwa mkuu wa chumba cha michoro, akiwa na wasaidizi wawili, kwa kuonyesha umakini kazini. Hadi leo haijulikani kama ni mwenyekiti aliyetaka kumtuza, au Daktari aliyetaka kumnyamazisha, au aliyetaka kwa njia yake kumwomba radhi. Eucabeth aliisoma amesimama mlangoni, akaketi chini kwenye kizingiti.

Kwani alikuwa amewaeleza watu alichosema mbele ya kamati. Mzee Machogu aliamini. Wengine nao walianza kuamini. Sasa habari ya cheo ikafika sokoni kabla yake, na walioanza kuamini wakaona aibu kwamba walidanganyika mara ya pili. "Mtu anawasema wakubwa wake, nao wanampa cheo?" mwanamke yule wa mboga aliuliza. Hata Eucabeth mwenyewe angeuliza hivyohivyo.

Alifanya kazi hiyo hadi mradi ulipofungwa mwaka 1976. Aliwafundisha wale wasaidizi wawili kuanzia sifuri, na pale Daktari alipotaka vinginevyo walilazimika kuukata mstari wa pembeni kwa mkato wa wazi, ili mtazamaji ajue kwamba chini kuna kitu kimekatwa. Daktari hakubisha. Mara nyingine alipita nyuma yao, akauona mkato, akatoka nje. Alipata kazi Nairobi, na siku ya kuondoka alimpa Eucabeth mkono akaushika kwa muda, akateremka ngazi.

Kuhusu chai, Mzee Machogu hakungoja kamati. Alikuwa na shemeji Itumbe. Shemeji alimpa vipandikizi vilivyopogolewa kwenye kitalu kilekile ambacho Birongo walinyimwa, akavibeba kwa vikapu vilivyofunikwa majani ya migomba, safari baada ya safari, akaviotesha karibu na kijito. Mwaka wa tatu alikuwa akichuma, na nyumba zaidi ya thelathini zilikuwa zimechukua miche kutoka kwake. Joash alikuwa wa nne kuchukua. Eucabeth alipanda mistari yake mwenyewe kwa kamba, imenyooka mpaka watu walikuja kuitazama, na polepole benchi la kanisani lilianza kumsalimu tena, bila mtu kutamka kwamba amesamehewa au amekosewa.

Lakini kile kijitabu hakikufungwa pamoja na mradi. Kilifundishwa vyuoni. Kila afisa mpya wa kilimo aliyepangiwa upande ule alifika akiwa amekwisha kukisoma. Nilikuwepo siku moja mwaka 1978 mmoja wao alipokuja, kijana mwenye adabu na viatu vipya. Alisimama katikati ya chai ya Mzee Machogu, imemfika kiunoni, akamwambia Eucabeth, "Mama, tatizo la watu wa hapa, utafiti umeonyesha, ni kwamba mnaogopa mambo mapya. Lazima tuanze taratibu."

Eucabeth alikuwa na kikapu cha majani mabichi mgongoni. Alimsikiliza mpaka akamaliza. Upande wa Nyamira wingu lilikuwa limeanza kushuka.

"Twende tukuonyeshe mashamba mengine," alimwambia, "kabla mvua haijaanza." Akatangulia, na yule kijana akamfuata katikati ya mistari, akiandika.